Vinywa vya Plasta vya Tata Badibanga

Mtu akikuambia kwamba Tata Badibanga alikuwa na kichaa, muulize kwanza meno yake alitengenezewa na nani. Hapa Kolwezi nusu ya watu waliomcheka, walimcheka kwa meno aliyoyachonga yeye mwenyewe. Mi nafanya kazi kwenye kabine ya meno pale Manika. Napokea wagonjwa, nafuta viti, naosha vikombe vya kusukutulia. Na nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Kwa hiyo ninachosema sikukisikia kwa jirani. Jirani ndiye mimi.

Badibanga alikuwa fundi wa meno. Si daktari. Daktari anang'oa, fundi anarudisha. Alikuwa mtu mfupi, mabega yamelala, vidole vyeupe kwa unga wa plasta hata siku ya Misa. Ukimsalimia alichelewa kujibu kidogo, kama mtu anayerudi kutoka mbali, halafu anakutazama mdomoni badala ya machoni. Wanawake wageni walikasirika. Sisi tulizoea.

Alizaliwa hapa hapa. Baba yake alikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, na yeye akaingia kijana kwenye atelie, karakana ya meno, wakati ule kazi ilipokuwa inampa mtu kila kitu: unga, shule, meno, na sanduku la kuzikiwa. Kazi yenyewe iko hivi. Daktari anakupa kitu laini unakiuma, alama ya meno yako inabaki humo. Fundi anamwaga plasta ndani ya ile alama. Ikikauka, inatoka taya nyeupe, sawasawa na taya yako, hata na pengo lako na jino lako lililopinda unaloficha ukipigwa picha. Juu ya hiyo taya ya plasta fundi anajenga meno mapya. Yakimalizika, mafundi wengine wanatupa plasta. Badibanga hakutupa hata moja. Aliandika jina chini yake, akaipanga kwenye rafu.

"Unabiweka bya nini?" wenzake walimuuliza.

"Muntu anaweza kurudi," alijibu.

Halafu ukaja mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku kwetu. Sitautia chumvi, unayo ya kutosha. Kazi ilikuwa imeanguka kwanza, mishahara ikakauka, na njaa ikitafuta mtu wa kulaumu haimkosi. Asubuhi moja waligongewa mlango wakaambiwa watoke, nyumba si yao tena, nchi si yao tena. Mbelu, mke wake, akafunga mtoto mgongoni, akashika godoro na kifuko cha unga, akamwambia bwana yake achukue sufuria kubwa. Wakakimbia mpaka kituo cha treni. Walipofika kwenye kituo, Mbelu akataka kupika bukari, ugali wetu.

"Badi, sufuria iko wapi?"

"Haikuingia."

"Haikuingia mu nini?"

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na vinywa vya plasta, arobaini, vimefungwa na magazeti kama mayai.

Mbelu aliniambia kwamba alicheka. Aliketi chini katikati ya watu waliokuwa wanalia, akacheka mpaka mtoto akaamka. "Jama! Bwana yangu amekimbia na binywa bya batu! Sasa bukari tutapika mu meno ya nani?"

Walingoja treni wiki tano. Watu walilala kwenye mawe ya reli, mvua juu, jua juu. Badibanga alipanga vile vinywa kwenye ukuta mfupi wa kituo ili visipate unyevu, na watu wakipita waliinama kusoma majina. "Hii ni ya kwangu!" mmoja alisema, akashika taya yake mkononi akiigeuza geuza, kama mtu aliyeokota barua yake njiani. Mama mmoja mzee aliomba yake, akalala nayo karibu na kichwa. Mbelu anasema mchana wa jua kali, macho yakianza kucheza kwa njaa, aliviona vile vinywa vyeupe vikitafuna, pole pole, vyote pamoja, bila sauti, na hakuogopa. Alivionea wivu tu.

Na kwenye kifuko cha unga Mbelu alikuwa ameficha kitu: msalaba wa shaba. Si wa kanisa. Ni ule wa zamani, wenye mikono minne, babu zetu waliyeyusha shaba wakaifanya pesa ya kuolea. Baba yake Badibanga aliuweka juu ya mali ya ndoa siku alipokwenda kumwombea kijana wake mke, na baba yake Mbelu akamwachia binti yake ule msalaba. Ile shaba ilichimbwa huku kwetu, ikabebwa Kasai zamani za babu, ikarudi huku na baba yake Badibanga, ikapanda treni ya kufukuzwa kwenda Kasai ndani ya unga wa mahindi, na miaka kumi na moja baadaye ikarudi tena Kolwezi. Ilitembea kuliko sisi wote, na hakuna aliyeiuliza kabila lake.

Walirudi, ndiyo. Walinunua parseli, kiwanja chenye nyumba, kwenye kartie yetu, mtaa ulio nyuma ya reli, na gunia likarudi nao. Kwenye vile vinywa arobaini, vilibaki thelathini na kimoja. Vingine vilivunjika, vingine vilichukuliwa na wenyewe. Akajenga rafu mpya.

Sasa nikuambie juu ya Dokta Simone, maana bila yeye hakuna hadithi. Ni binti kutoka Sandoa, mwembamba, anatembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Alifungua kabine Manika, akamchukua Badibanga kumfanyia meno kwenye chumba cha nyuma. Akaleta na mashine ya picha. Unaweka kidevu, mkono wa mashine unazunguka kichwa chako ukivuma pole pole, na kwenye skrini kichwa chako kinatokea kizima, kinageuka, unaweza kukikata kama mkate na kuangalia kila kipande. Mara ya kwanza nilipoona taya ya mtu inaelea humo peke yake, nyeupe ndani ya giza, nilisahau ndoo yangu ya maji katikati ya njia. Ilikuwa kama kuona mji kutoka kwenye ndege, na mi sijapanda ndege.

Mbelu alikuwa amepoteza meno mawili ya chini, upande wa kushoto, yale ya kutafunia. Dokta akasema mke wa fundi wake hawezi kukaa na mapengo, akamtilia bure. Meno ya namna ile yana sehemu tatu. Kwanza visi ya titani, skrubu ndogo inayoingia kwenye mfupa wa taya na mfupa unaishika. Halafu kijiti, ambacho mguu wake unashuka ndani ya visi chini ya ufizi. Juu ya kijiti, jino lenyewe. Visi na vijiti vinakuja tayari kwenye pakiti. Fundi anatengeneza jino. Badibanga aliyatengeneza yale mawili wiki nzima, na Mbelu aliporudi nyumbani alitafuna karanga barabarani ili watu wote wasikie.

Wiki ile ile alikuja kwangu na msalaba wake wa shaba mkononi. Mkono mmoja wa msalaba ulikuwa umekatwa ncha.

"Mama Adolphine, ni mutoto gani amekata musalaba yangu?"

"Unaniangalia mimi kwa nini?"

"Minaangalia batoto bako nyuma yako."

"Batoto bangu bangekata shaba, bangeikata yote. Tafuta panya."

"Panya gani anakula shaba?"

"Wa Kolwezi," nikamjibu. Tukacheka, ikaisha. Mi nilidhani imeisha.

Miaka miwili ikapita. Ndipo mtu mmoja wa kartie yetu, akichimba choo, akakuta mawe meusi. Kobalti. Hakusema kwa mtu, na kwa hiyo kesho yake kartie yote ilijua. Baada ya miezi michache kila parseli ilikuwa na shimo chini ya turubai, na chini ya shimo njia, na njia zinakutana chini ya vitanda vyetu. Usiseme kwamba hatukujua. Tulijua. Ukilaza sikio sakafuni mchana watoto wakiwa shuleni, ulisikia nyundo chini, taratibu, kama moyo wa mtu mwingine. Halafu jiko la jirani likazama. Sufuria, mafiga na maharage yaliyokuwa yanachemka vikashuka kwenye shimo, na mvuke ukabaki juu peke yake. Ofisi ya mji ikatuma watu na rangi nyekundu. Wakapiga namba kwenye kila nyumba. Wote tutoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa. Nyumba ya Badibanga ilikuwa namba mia moja kumi na nne.

Mwezi ule tulikuwa tunaona ufa kila mahali. Watu walibandika karatasi juu ya ufa kwa ugali laini. Karatasi ikichanika, ukuta unatembea. Badibanga alikuwa na njia iliyo bora zaidi. Alipita nyumba kwa nyumba na bakuli lake, akapaka kidole cha plasta juu ya ufa, akaandika tarehe. "Plasta ikipasuka," alisema, "ufa uko muzima, munalala inje. Isipopasuka, ufa umekufa, munalala mu nyumba." Kulikuwa na watu walioishi kwa kidole kile cha plasta. Mimi mmoja wao.

Na mwezi ule ule Mbelu akaanza kuumwa upande wa kushoto.

Dokta Simone akampiga picha siku ya Jumatatu. Mi nilikuwa nafuta mlango wa kioo, nao ulikuwa safi tayari. Taya ya Mbelu ikatokea, ikageuka kwenye giza lake. Zile visi mbili ziling'aa kama nyota, na kutoka kwenye kila nyota miale ilitoka kila upande. Katikati ya nyota na nyota, kwenye mfupa, palikuwa na mto mweusi. Mpana, mweusi kabisa, kutoka visi moja mpaka nyingine.

Dokta aliigeuza taya mara mbili kwenye skrini. Akaita chumba cha nyuma.

"Tata Badibanga, njoo uone. Vijiti ni vile vya pakiti? Vya titani?"

Badibanga alitazama skrini. Rangi ilimtoka usoni.

"Njo," akasema, yaani ndiyo. "Titani."

"Basi ni mfupa." Dokta akamgeukia Mbelu, akavuta kiti karibu. "Mama, chuma chochote kinatupa kivuli kwenye picha. Lakini titani kivuli chake ni chembamba, nakijua. Hiki si chake. Hapa mfupa umekulwa. Ukiendelea, taya itavunjika siku moja ukitafuna tu."

"Sasa tunafanya nini?"

"Alhamisi unakwenda Lubumbashi. Watatoa visi zote mbili, watakata mfupa uliooza. Meno hayatarudi pale tena, mama. Na uso utaingia kidogo upande huu."

Mbelu alishika shavu lake kwa kiganja kizima, kama mtu anayefunika mtoto. "Ukuta wangu umepasuka, taya yangu imepasuka," akasema. "Banifukuze mara ya pili, lakini na uso yangu nzima basi!"

Nilimtafuta Badibanga kwa macho. Alikuwa ametoka. Nilisema moyoni mwangu, tazama mwanaume, sufuria haikuingia tena.

Jumanne hakuja kazini. Nilipotoka kazini nilipita kwake. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vinywa vyake, anavifunga na magazeti kwa safari, kimoja kimoja, na kila kimoja alikiangalia kwanza. Mwanga uliingia kwenye tundu la bati ukaanguka juu ya zile taya nyeupe, vumbi linazunguka ndani yake polepole. Mbelu alikuwa kwa dada yake, anaaga. Nilimwambia:

"Tata Badi, mama anakatwa taya kesho kutwa, na weye unafunga plasta?"

Akachukua gazeti jingine. Halafu akaninong'oneza, bila kugeuka:

"Mama Adolphine, ni mimi nilimuozesha."

"Umesema nini?"

"Musalaba. Ni mi panya." Akaniambia yote, na aliniambia kama mtu anayesimulia ndoto, akitulia katikati. Vile vijiti vya pakiti havikumpendeza. Vilitoka mbali, havikumjua mtu. Akamwaga vijiti vingine kwa kobalti, kama alivyofundishwa atelie zamani, akatoboa katikati ya kila kimoja, mpaka mguuni, akatia kipande cha shaba kutoka kwenye msalaba wa ndoa, akaziba. "Mara ile banatufukuza, aliibeba mu unga, kila kizuizi tulitetemeka. Nikasema, wakitufukuza tena, ataibeba pahali hakuna mutu ataitafuta. Atatoka na Kolwezi mu mufupa." Akafuta pua kwa mkono wa plasta. "Shaba imetoka kijani ndani. Imekula taya yake. Nimeona mto ule mweusi, nikajua."

"Na ukamudanganya Dokta."

"Ulimi ulienda wenyewe."

Niliinuka. Karibu na mlango nilishika ukuta wa jikoni nivae viatu, nikaona kidole chake cha plasta juu ya ule ufa mrefu tuliouogopa wote, ule uliofanya Mbelu ahamishe kitanda. Tarehe ya wiki tatu zilizopita. Plasta ilikuwa nzima.

"Tata Badi," nikasema, kwa hasira tu, "hata ufa huu ni uongo. Plasta yako haikupasuka."

Alinyanyua kichwa. Akaja akaweka kidole juu yake, akakisugua. Akakwangua rangi pembeni kwa ukucha. Chini ya rangi, ukuta ulikuwa mzima. Ilikuwa rangi tu iliyokauka ikachanika. Alibaki pale, pua karibu na ukuta, mpaka nikaenda zangu. Nilipogeuka barabarani nilimwona ametoka mlangoni, anatazama kivuli cha mkono wake mwenyewe ardhini, anaufungua na kuufumba.

Jumatano saa sita Dokta alikuwa anaandika barua ya Lubumbashi. Badibanga akaingia kwa mlango wa mbele, kama mgonjwa, na shati safi. Mkononi alikuwa na taya ya plasta. Chini yake imeandikwa *Mbelu*.

"Dokta, mashine iko na umeme?"

"Uko. Kuna nini, Tata?"

"Pigia huyu picha."

Dokta alinitazama. Mi nikatazama ndoo yangu.

"Tata Badibanga, hiyo ni plasta."

"Njo. Minaomba."

Kwenye ile taya ya plasta, pale kwenye mapengo ya Mbelu, kulikuwa na visi mbili za kazi, zile fundi anazotumia kujengea. Akatoa mfukoni pakiti mbili ndogo, hazijafunguliwa. Nilizijua. Ni zile za Mbelu, kumbe zilikaa kwenye droo ya Badibanga miaka miwili. Akazichana mbele ya Dokta, akafunga vijiti vya titani, akaweka taya kwenye mashine kwa mikono miwili. Mkono wa mashine ukazunguka plasta ukivuma. Kwenye skrini ikatokea taya, nyota mbili ndogo, na kati yao kivuli chembamba, cha kijivu.

"Njo kivuli unakijua?" akauliza.

"Ndicho."

Akatoa vile vya titani. Mfuko wa pili ukatoa vijiti vingine viwili, vizito, vya rangi ya kijivu iliyoiva. "Nilifanya bine," akasema, akinyoosha vidole vinne. "Hibi bilibaki." Akavifunga. Mashine ikazunguka tena.

Nyota mbili kubwa. Miale kila upande. Na kati yao, kwenye plasta, mto mweusi, mpana, mweusi kabisa.

"Plasta haigonjwi, Dokta," Badibanga akasema.

Dokta Simone aliweka kalamu chini. "Ndani ya vijiti hivi mna nini?"

"Kobalti. Na ndani ya kobalti, shaba."

"Na kwenye kinywa cha mama?"

"Bilebile."

"Nilikuuliza." Sauti yake ilikuwa ndogo, na udogo ule ulinitisha kuliko kelele. "Nilikuuliza hapa, mbele yake. Kobalti inazuia miale kuliko titani, shaba zaidi. Ningejua, nisingeandika barua hii. Kesho wangemkata mfupa mzima, Tata. Mzima!"

"Najua, Dokta. Ulimuuliza fundi, na bwana ya Mbelu njo alikujibu."

Dokta alichana barua mara mbili. Halafu, mi nilimwona, alirudi kwenye skrini akaangalia ule mto mweusi ndani ya plasta, akauangalia muda mrefu, na kitu usoni mwake kililegea. "Lakini bado sijui," akasema. "Kivuli kinaweza kufunika ugonjwa wa kweli. Mama Adolphine, muite Mbelu."

Nilimwita. Niliita kwa miguu, halafu kwa moto, pikipiki ya abiria, nikimpigia dereva kelele njia nzima. Nikamwambia Mbelu yote nyuma ya moto, upepo unakula nusu ya maneno, na bado alielewa, maana aliingia kabine ameshaanza.

"Panya! Panya iko wapi?"

"Mbelu..."

"Miaka mbili minalaani batoto ya mama huyu! Nimetega mutego jikoni! Nimetia sumu! Na panya analala pembeni yangu, anakoroma!"

"Minaomba musamaha, mamu."

"Utaniomba nikiwa na taya. Kama sina taya nitakujibu na nini?" Akakaa kwenye kiti, akafungua kinywa. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, lakini kinywa hakukifunga.

Dokta alitoa meno, akafungua kijiti kimoja, halafu cha pili. Vililia kidogo kwenye sahani ya chuma. Halafu mashine, mara ya tatu siku ile. Badibanga hakutazama skrini. Alitazama mikono yake. Kwa hiyo ni mimi nilimwambia, kabla ya Dokta, na Dokta alinisamehe.

"Tata Badi. Nyanyua kichwa."

Mto haukuwapo. Mfupa ulizunguka visi zote mbili, mweupe, umejaa, umeshika, kama udongo unavyoshika mizizi. Taya ya Mbelu iligeuka taratibu kwenye giza, nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka isimame.

"Sasa maumivu ni ya nini?" Mbelu akauliza na kinywa kilicholegea.

Dokta alimbonyeza shavu, chini ya sikio. Mbelu akaruka. "Hapa? Ni nyama za taya, mama. Zimechoka. Unasaga meno ukilala."

"Nani asiyesaga meno na namba nyekundu ku mulango?"

Hapo Dokta akacheka. Alimfungia Mbelu vijiti vya titani, vile vile vilivyotoka kwa plasta, baada ya mimi kuvichemsha, na meno yakarudi juu yake. Badibanga alikatazwa mwezi mmoja asiguse kinywa cha mtu, amwage plasta tu, na kwenye karatasi ya kila mgonjwa Dokta akaongeza mstari: *ndani mna nini, na ndani ya ndani mna nini?* Mi ndiye ninayeuliza. Wanaume wanaona aibu kujibu kuliko wanawake.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tisa tulitoka. Kartie yote pamoja, vumbi limesimama hewani jekundu, hata jua lilionekana kama limepakwa rangi na ofisi. Bati zilishushwa, milango ilibebwa mgongoni, kuku wamefungwa miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Tulitembea ndani ya vumbi kama watu wanaotembea chini ya maji. Badibanga na Mbelu walikwenda kwenye parseli mpya njia ya Kasaji, na Twahiru, dereva wa lori, alirudi nyuma mpaka mlangoni kwao.

"Mama, ni nini inaingia ya kwanza?" akauliza.

Badibanga alikuwa amesimama pembeni na gunia lake tupu. Nadhani alikuwa tayari kuviacha. Vinywa vyote vilikuwa chini ukutani, vimefungwa na magazeti, na kile cha Mbelu hakijafungwa, kiko juu, kina visi zake mbili.

Mbelu akaingia ndani. Akatoka na sufuria kubwa, ile ya matanga, ya kulisha watu mia. Akaiweka chini. Akainama, akaanza kupanga vinywa ndani ya sufuria, taratibu, chini nguo, juu nguo. Vyote viliingia. Juu ya vyote akaweka kifuko cha unga, na ndani ya unga nilijua kuna msalaba usio na ncha moja, na vipande vyake vinne vya shaba vilivyotolewa kwenye vijiti, vimefungwa uzi pamoja nao.

"Inaingia hii," akamwambia Twahiru. "Ukivunja hata kinywa kimoja, tutachukua cha kwako."

Badibanga alimtazama mdomoni, kama kawaida yake. "Mbelu. Sasa bukari tutapika mu nini?"

"Ah!" Mbelu akapanda lori, akakaa karibu na sufuria, akaishika mkono mmoja. Alicheka, na upande wa kushoto meno yake mawili yalionekana mazuri sana. "Mara ya kwanza nilifukuzwa na bwana asiyejua kupakia. Panda, panya. Tutaomba sufuria kwa Mama Adolphine."

Anayo mpaka leo. Sufuria yangu, nasema.